Nyuki Ndani ya Helmeti, na Vipele vya Tumboni

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Jumamosi iliyopita nilikuwa barabara kuu na pikipiki yangu, mke wangu amepanda nyuma, mwendo kama kilomita 80 kwa saa. Nilikuwa nimeinua kioo cha helmeti kidogo ili nipate hewa. Nyuki akaingia, akaniuma chini ya jicho. Nikaachia mkono wa kulia nikaanza kujipiga usoni, pikipiki ikayumba ikahamia upande wa magari yanayokuja, tukaponea chupuchupu. Shavu lilivimba, na kama dakika 20 baadaye vikatoka vipele vya kuwasha tumboni na mapajani, nikaona kizunguzungu kidogo nilipoinuka, lakini nilimeza dawa ya mzio ya mke wangu na jioni vikawa vimeisha. Swali langu: nyuki akiingia tena nifanyeje? Na je, kuna helmeti ambayo wadudu hawaingii? Mke wangu anataka niuze pikipiki."

Marahaba, ndugu yangu, na poleni nyote wawili. Nimefanya kazi chumba cha dharura kwa miaka mingi, na pikipiki ndiyo chombo changu cha kila siku, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama daktari na kama dereva. Dereva alishtuka pale uliposema umehamia upande wa magari. Daktari alishtuka mbele kidogo, kwenye maneno uliyoyapitia haraka kama jambo lililokwisha. Nitaanzia kwa daktari, kwa sababu mambo ya helmeti yanaweza kungoja hadi wiki ijayo na haya mengine hayawezi.

Nyuki alikuuma usoni. Shavu kuvimba, hata jicho likafumba lote, ni jambo la kawaida: sumu imeingia pale na mwili umejibu pale pale. Uvimbe wa namna hiyo huongezeka kwa siku moja au mbili kabla ya kuanza kupungua, na mtu akiamka asubuhi ya pili uso umekuwa mkubwa kuliko jana hana sababu ya kuogopa. Lakini nyuki hakukuuma tumboni, wala mapajani. Ngozi iliyo mbali na mchomo ikitoa vipele, maana yake mwili mzima umeamka. Na kizunguzungu cha mtu anapoinuka huweza kuwa dalili kwamba mishipa ya damu imelegea na presha imeshuka. Ngozi na mzunguko wa damu kuguswa kwa pamoja, ndani ya dakika 20 za mchomo, sisi hatuuiti mzio mdogo. Tunauita anafilaksia, na ndiyo inayomfanya mtu afe kwa mchomo wa nyuki mmoja tu.

Inawezekana kizunguzungu chako kilitokana na hofu. Umetoka kuponea ajali, moyo unakwenda mbio, miguu imelegea. Yeyote angeona giza kidogo. Ila sikuwepo kukupima presha, na siko tayari kukuruhusu urudi barabarani kwa kutegemea neno "inawezekana". Mpaka daktari wa mzio aseme vingine, jihesabu kuwa mtu ambaye mchomo ujao unaweza kumwangusha.

Huenda unasema moyoni: mbona nimeshaumwa na nyuki mara kadhaa tangu utotoni na sikupata lolote? Mzio wa sumu ya nyuki hujengwa na michomo ya nyuma. Mwili hukutana na sumu, huitambua, huiwekea silaha, halafu siku moja hujibu kwa nguvu kupita kiasi. Kuumwa zamani bila shida hakukulindi. Na aliyewahi kupata athari ya mwili mzima huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuipata tena kuliko yule aliyevimba tu pale alipoumwa. Kwa waliopata athari kali, nafasi ya kurudiwa inaweza kufika nusu au kuipita.

Kuhusu kile kidonge: sikulaumu, kilikuwa karibu ukakitumia. Dawa za mzio za kumeza hupunguza kuwasha na kufuta vipele. Hazifungui koo lililovimba na hazipandishi presha iliyoanguka, tena huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kuanza kufanya kazi vizuri. Nimeona watu waliotulia kwa sababu vipele vinafutika, kumbe pumzi inazidi kuwa fupi. Dawa ya anafilaksia ni moja: adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mapema. Ikicheleweshwa, haisaidii kama inavyopaswa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kupanda pikipiki tena, nenda ukaonane na daktari. Mweleze yote kwa mpangilio: dakika ngapi zilipita, vipele vilitoka wapi, kizunguzungu kilikuwaje. Mwambie na dawa unazotumia, hasa kama ni za presha au moyo za kundi la beta-bloka, kwa sababu zinaweza kuifanya athari iwe nzito na adrenalini isifanye kazi kwa nguvu zake zote. Atakupima damu, na pengine ngozi, ajue kama mzio wako ni wa sumu ya nyuki au ya nyigu, kwani ni sumu mbili tofauti na tiba zake ni tofauti. Hapo kuna swali ambalo wewe au mke wako mnaweza kulijibu kuliko maabara yoyote: je, mlipovua helmeti mlikuta mwiba umebaki shavuni? Mwiba wa nyuki wa asali una meno kama ya ndoana. Ukishaingia kwenye ngozi hautoki, unang'oka pamoja na kifuko cha sumu na nyuki anakufa. Nyigu ana mwiba laini, anachoma na kuchomoa, anachoma tena. Mkikumbuka hilo, mwambieni daktari.

Akithibitisha, omba mambo mawili. La kwanza ni sindano ya adrenalini ya kujichoma mwenyewe, ile yenye umbo la kalamu. La pili ni tiba ya kuuzoeza mwili sumu. Hiyo hutolewa kwa sindano ndogo ndogo za sumu yenyewe, zikiongezwa polepole hadi kufikia kwa kawaida maikrogramu 100, kiasi kinachokaribiana na cha mchomo mmoja au miwili ya nyuki, kisha huendelea kwa muda wa miaka 3 hadi 5. Ni safari ndefu, najua. Lakini ni miongoni mwa tiba chache za mzio zinazobadilisha maisha kweli: wengi sana wanaoimaliza hawapati tena athari ya mwili mzima wakiumwa, na kwa nyigu mafanikio yake ni makubwa hata kuliko kwa nyuki. Mtu anayependa pikipiki na ana mzio wa nyuki, tiba hii imetengenezwa kwa ajili yake.

Kalamu ya adrenalini ikishapatikana, usiiweke chini ya siti wala kwenye sanduku la nyuma. Joto la pikipiki iliyoegeshwa juani linaiharibu, na pia siku ukianguka, wewe unaweza kuwa huku na pikipiki kule. Ikae mwilini, mfuko wa ndani wa jaketi, na mke wako ajue ni mfuko upi. Sindano yake hupita kwenye suruali ya kawaida, lakini usiitegemee ipite kwenye ngozi nene au kwenye pedi ya kujikinga. Suruali ya namna hiyo ifunguliwe kwanza. Ajizoeze na kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Siku ya siku huenda mikono yako haitakuwa na nguvu, na mchomaji atakuwa yeye.

Sasa barabara.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki inakata mita 22 kila sekunde. Ukijipiga usoni kwa sekunde 3, umeshasafiri mita 66 bila kuona vizuri, ukiwa na mkono mmoja. Tena umeachia mkono wa kulia, wenye mafuta na breki ya mbele. Pikipiki ikakosa nguvu ghafla, uzito ukaja mbele, mkono wa kushoto ukabaki peke yake ukauyumbisha usukani. Hivyo ndivyo ulivyohama njia. Nyuki mwenyewe, mwenye uzito wa kama gramu 0.1, hakuwa na uwezo wa kuisogeza pikipiki hata unywele.

Usijione mjinga. Mwaka 2014 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Michael Smith, alichapisha utafiti alioufanya juu ya mwili wake mwenyewe: aliwaachia nyuki wamchome sehemu 25 tofauti, akapima maumivu ya kila moja. Ndani ya pua ndiko kulikouma kuliko kote, ukifuatia mdomo wa juu. Utosi na mkono wa juu vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizouma kidogo. Yaani helmeti iliyofunguliwa kidogo humwelekeza nyuki moja kwa moja kwenye sehemu ambazo mwili unazitetea kwa nguvu zote. Mkono kuruka usoni si uamuzi, ni mwili unaojitetea kabla wewe hujafikiri. Ndiyo maana maelezo ya kusoma hayatoshi; jambo hili linahitaji kufanyiwa mazoezi mpaka mwili ujifunze kitu kingine.

Nami nilijifunza kwa kuumia. Miaka ya nyuma nyigu aliingia kwenye mkono wa jaketi langu, niliouacha wazi kwa sababu ya joto. Nikaukandamiza kwa mkono mwingine. Akanichoma, nikakandamiza zaidi, akanichoma tena, na mara ya tatu nikabana breki ya mbele kwa nguvu juu ya changarawe. Gurudumu likateleza. Nilikuwa mwendo mdogo tu, lakini nilivunjika mfupa wa mtulinga. Michomo mitatu ya nyigu ilikwisha kwa siku mbili. Mtulinga ulinichukua wiki 7, na mpaka leo naweza kukuonyesha palipoungana. Tangu siku hiyo sijawahi kupima hatari ya mdudu kwa ukali wa mwiba wake.

Nyuki akiingia tena, kitu cha kwanza ni mikono yote miwili ibaki pale ilipo na macho yabaki barabarani. Jicho moja likilazimika kufumba, liache lifumbe. Ila yasiwe yote mawili. Funga mdomo, kwa maana mchomo wa ulimi au koo ni dharura hata kwa asiye na mzio. Usimpulizie, kwani pumzi humkasirisha. Punguza mafuta polepole, tazama kioo cha pembeni, washa indiketa, tafuta pa kutokea. Mwendo ukishashuka, inua kioo cha helmeti chote kwa mkono wa kushoto. Nasema mwendo ushuke kwanza kwa sababu upepo wa kasi humsukuma mdudu usoni na kuvuta kichwa chako nyuma. Mwendo ukiwa mdogo, nyuki hufuata mwanga na mara nyingi hutoka mwenyewe. Ni vizuri ujue kwamba nyuki aliye ndani ya helmeti, kama bado hajakuchoma, hakushambulii. Amenaswa na anatafuta njia. Ukimbana kati ya sponji na shavu, hapo ndipo umempa sababu.

Simama nje kabisa ya njia, toa gia, shusha stendi, ndipo uvue helmeti. Mkanda wa helmeti ufunguliwe kwa utulivu; wengi hapo ndipo wanapochanganyikiwa, hasa mkanda ukiwa ni ule wa pete mbili na glavu ziko mkononi.

Na kama ameshakuchoma? Hapa watu hukosea hesabu. Sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya sekunde 20 za kwanza, kwa kuwa kifuko kinaendelea kusukuma hata nyuki akiwa ameondoka. Kwa mtu aliyeketi bustanini, hiyo ni sababu ya kuung'oa mwiba upesi, kwa kucha au kwa kuubana na vidole, njia yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kinachopunguza sumu ni haraka, wala si ufundi wa kuutoa. Lakini kwa mtu aliye kwenye mwendo wa 80, kusimama kwa usalama kunaweza kumaliza sekunde hizo zote, kwa hiyo hakuna unachookoa kwa kupapasa shavu huku unaendesha. Hata wewe mwenye mzio nakuambia vivyo hivyo: anafilaksia hukupa dakika, gari linalokuja mbele hukupa sekunde moja. Simama kwanza.

Mazoezi yake ni mepesi. Tafuta uwanja mtupu, mwendo wa kilomita 30, mke wako asimame kando apaze sauti "nyuki!" wakati usioutarajia. Wewe upunguze mafuta, uangalie kioo, uwashe indiketa, uinue kioo cha helmeti kwa mkono wa kushoto, usimame mahali ulipopachagua, uvue helmeti ukiwa na glavu. Fanya mara kumi, rudia baada ya wiki chache. Halafu mpakie na yeye mjaribu pamoja, kwa sababu abiria anayeruka nyuma yako anaweza kuangusha pikipiki ambayo dereva ameidhibiti vizuri. Kubalianeni ishara: akigonga paja lako mara mbili, maana yake kuna mdudu kwake na simama, naye asikunjuke wala asisimame kwenye vikanyagio mpaka magurudumu yatulie.

Hukuuliza kuhusu bumba la nyuki, lakini ukiendesha miaka mingi utakutana nalo. Kuna nyuki wanaohama na kuna nyuki wanaolinda mzinga, na hawa wawili ni watu tofauti kabisa. Bumba linalohama limeshiba asali na halina watoto wala masega ya kutetea. Likikatiza barabara, ni wingu la wadudu wapole wasio na habari nawe. Funga kioo, inamisha kichwa kidogo, shika mwendo wa wastani na upite. Usisimame katikati yao na usiongeze mafuta kwa hofu.

Wakiwa wamechokozwa mzingani ni jambo jingine. Nyuki anayechoma huacha harufu inayowaita wenzake. Kiini chake ni kemikali ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na alipochoma mmoja wengine hulenga pale pale. Hapo ondoka. Nyuki anayekimbiza hufikia kama kilomita 24 kwa saa, zaidi kidogo akijitahidi, kwa hiyo huhitaji mwendo wa mashindano kuwaacha, unahitaji umbali. Nyuki wa Ulaya huacha kufukuza mapema. Nyuki wa Afrika, wale waliopelekwa Brazil mwaka 1956, wakatoroka mwaka uliofuata na kusambaa hadi Marekani, hufukuza mamia ya mita. Nenda nusu kilomita au zaidi kabla ya kusimama kuvua chochote. Pikipiki ikizima au ukianguka, iache. Kimbia kwa mstari ulionyooka, helmeti ibaki kichwani na kioo kikiwa kimefungwa, uingie ndani ya gari au nyumba inayofungika. Usijitupe majini: utalazimika kuibuka kuvuta pumzi, nao watakuwa wanakungojea.

Aliyeumwa mara nyingi, tuseme michomo 50 na kuendelea, aende hospitali hata kama hana mzio na anajisikia mzima. Mtoto au mzee aende kwa michomo michache kuliko hiyo. Inakadiriwa kwamba mtu mzima asiye na mzio anahitaji michomo elfu moja au zaidi ili sumu yenyewe imuue, lakini misuli na figo vinaweza kuharibika kabla ya kufika huko, na uharibifu huo hujitokeza baada ya siku moja au zaidi, mkojo ukigeuka rangi ya kahawia.

Helmeti sasa. Hakuna helmeti isiyoingilika, ila tofauti kati ya moja na nyingine ni kubwa. Helmeti ya uso mzima, kioo kikiwa kimefungwa, humwachia mdudu njia mbili tu: matundu ya hewa na chini ya kidevu. Chagua yenye wavu kwenye matundu, na chini ya kidevu weka kile kitambaa kinachopachikwa kuziba upepo. Ukitaka hewa, fungua matundu. Kile kioo kilichoinuliwa nusu ndicho kibaya kuliko yote, kibaya kuliko hata kioo kilichofunguliwa kabisa huku umevaa miwani, kwa sababu kinamwingiza mdudu usawa wa macho na kumnyima pa kutokea. Skafu iliyoshonwa kama mrija izibe shingo, zipu ya jaketi ifike juu, mikono ya jaketi na glavu vipishane bila kuacha ngozi wazi. Hilo la mikono unajua ni nani aliyenifundisha.

Rangi nyeusi huwachokoza nyuki wanaolinda mzinga, ni kweli. Kwa nyuki mnayegongana naye barabarani rangi haibadilishi kitu.

Wadudu wengine hawaingii wakati wa mwendo, bali wakati pikipiki imeegeshwa. Helmeti iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni, glavu zilizoachwa juu ya tanki, jaketi lililolazwa kwenye majani: kung'uta vyote, tazama ndani ya helmeti kabla ya kuvaa, kila mara. Pikipiki iliyolala wiki kadhaa, chungulia chini ya siti na nyuma ya bati la namba kabla ya kuiwasha. Nyigu hupenda kujenga kiota huko, na mtikisiko wa injini ndio unaowatoa. Kwa kawaida nyuki hawaruki usiku, wala mvua ikinyesha kwa nguvu, wala kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi. Jua likiwaka na mashamba ya kando ya barabara yakichanua, shusha kioo na upunguze mwendo.

Na si kila kinachokupiga shingoni kina mwiba. Kuna mbawakawa wembamba, wekundu kwa weusi, ambao hawaumi kabisa. Ukiwaponda juu ya ngozi, maji yao huibabua, na malengelenge hutokea kesho yake au siku inayofuata. Mdudu akitua shingoni mpukute, usimponde, kisha osha kwa sabuni.

Narudi kwako pale kando ya barabara, mwiba umeshatoka. Hukupata shida zaidi ya maumivu? Osha, weka kitu cha baridi, vua pete kama umeumwa mkono, na subiri nusu saa kabla ya kuondoka, kwa sababu athari nyingi kali hujitokeza ndani ya muda huo. Siki, magadi, dawa ya meno, vyote havifiki sumu ilipo. Imeshapita chini ya ngozi. Mwiba ukiwa kwenye mboni ya jicho usiuguse, nenda hospitali.

Hayo ni ya mtu wa kawaida. Wewe, mpaka daktari wa mzio aseme vingine, huendeshi tena siku hiyo hata ukijisikia mzima. Vipele vikianza mbali na mchomo, sauti ikikwaruza, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, kutapika, tumbo kukata, kizunguzungu: kalamu pajani mara moja, usingoje dalili ya pili ili uwe na uhakika. Kisha mke wako apige simu ya dharura. Lala chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi ni ngumu, keti ukiegemea. Usisimame na usitembee kulifuata gari, waje wakubebe, kwa sababu wapo waliopoteza maisha kwa kuinuliwa ghafla presha ikiwa chini. Dakika 5 zikipita bila nafuu na mna kalamu ya pili, ichomeni. Na ukipata nafuu bado uende hospitali ukakae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani athari huweza kurudi mara ya pili bila mchomo mpya.

Kuhusu kuuza pikipiki: mke wako ameona mambo mawili siku hiyo, mume aliyeachia usukani na mume aliyetoka vipele tumboni na mapajani, na hofu yake ni ya haki. Mimi nisingeiuza. Ningeiegesha mpaka vipimo vitoke na kalamu iwe mfukoni, ningefanya yale mazoezi ya uwanjani, na ningemwachia yeye aseme lini yuko tayari kupanda tena. Nendeni pamoja kwa daktari, si wewe peke yako. Yeye ndiye aliyekuona dakika zile 20 na atakumbuka usiyoyakumbuka. Mkishapata majibu ya damu niandikie, hasa kama ni nyuki au ni nyigu.